Dogo kaambiwa anasimulia, hachambui. Riwaya ya Takadini inachambuliwaje jamani?

mama_rasta_kizuiani

Habari za jioni wakuu. Nina shida ndogo ila inaninyima raha, naomba msinicheke.

Nina mdogo wangu yuko kidato cha tatu, naishi naye hapa Mbagala tangu bi mkubwa arudi kijijini. Juzi kaja na pepa ya Kiingereza, esei ya riwaya kapata 4 kati ya 15, na pembeni mwalimu kamwandikia kwa peni nyekundu kwamba anasimulia, hachambui. Dogo kanuna siku mbili, anasema kitabu kakisoma chote, na ni kweli kakisoma, nimemwona kwa macho yangu akisoma kwa tochi ya simu siku umeme umekatika.

Kitabu chenyewe ni Takadini cha Ben Hanson, kile cha mtoto albino wa Zimbabwe. Swali lilitaka aeleze mhusika anavyopambana na jamii yake, hoja tatu. Sasa dogo kaandika karatasi mbili zimejaa, Sekai hakuwa na mtoto miaka mingi, akapata, mtoto akazaliwa zeruzeru, mila ya pale ikawa inasema asiishi, mama akatoroka naye, wakafika kijiji kingine kwa mzee Chivero, mtoto akakua akafundishwa kupiga mbira, ile ala ya muziki ya kwao, basi. Mimi nikasoma nikaona mbona yuko sawa! Halafu chini kamalizia "dhamira nyingine ni mapenzi, usaliti, mila potofu, ujasiri, nafasi ya mwanamke, umoja", kazipanga kama vitu vya kununua gengeni. Hizo kazitoa kwenye desa (notisi za kukariri) alilotoa kopi steshenari kwa buku mbili. Na kwenye tamathali za semi kaandika "mwandishi ametumia tashibiha, sitiari na tashihisi", nukta. Hamna hata mfano mmoja.

Mimi mwenyewe fomu foo nilipata dvisheni foo ya mkiani kabisa, saa hizi nasuka nywele, lakini nimeamua nikisome. Kiingereza chake siyo kigumu sana, nikikwama namuuliza dogo. Nasoma katikati ya kichwa na kichwa, kitabu nakiweka droo ya rasta, kurasa za mwanzo zishapata mafuta ya nazi. Wateja nao wamekolea, kuna dada anasukwa twende kilioni kila wiki mbili, akikaa tu kwenye kiti neno la kwanza "Sekai kafika wapi?"

Naomba kujua mambo matatu. Kuchambua mhusika ni kufanyaje hasa? Dhamira unaijuaje bila kuitoa kwenye desa? Na hizo tamathali zina kazi gani zaidi ya kuzitaja majina? Mje na lugha ya kueleweka tafadhali.

---

kijeba_wa_tegeta

Dada unajisumbua bure. Akariri desa lile lile apange vizuri, hoja tatu, kila hoja mistari sita, apate 10 zake asonge mbele. Mi nilimaliza hivo hivo, kitabu sikukifungua hata siku moja na A ya Kiingereza ninayo kabatini.

---

mwl_mstaafu_changombe

Huyo wa juu namfahamu, nimemsahihishia sana huyo 😀 siyo yeye mwenyewe ila ndugu zake. Esei zao zinafanana kama matofali ya kiwanda kimoja, ukifika ya kumi na mbili unaweza kutoa maksi umefumba macho.

Dada wa Kizuiani, kwanza hongera, mzazi au mlezi anayesoma kitabu cha mtoto ni wachache mno. Nimefundisha na kusahihisha riwaya miaka zaidi ya ishirini, ngoja nikueleze ninavyowaelezaga darasani.

Kusimulia ni kujibu "halafu ikawaje?" Kuchambua ni kujibu "kwa nini huyu kafanya hivi wakati angeweza kufanya vile?" Ndiyo tofauti yote hiyo, mengine ni mapambo.

Chukua Sekai. Dogo kaandika alitoroka na mtoto. Sawa, hilo hata ambaye hajasoma anaweza kusimuliwa kwenye daladala. Mwambie asimame hapo mlangoni kwa Sekai kabla hajatoka, ahesabu mama huyu anaacha nini nyuma. Ni mke wa kwanza wa Makwati. Miaka yote kanyanyapaliwa kwa kutozaa, mumewe kaoa wengine, yeye kakaa kimya na heshima yake ya mke mkubwa ndiyo kitu pekee alichobaki nacho. Sasa kazaa. Kile alichokuwa anakililia kakipata, na hicho hicho ndicho kinachomtoa nyumbani. Akibaki, anaendelea kuwa mke mkubwa asiye na mtoto, kama jana. Akiondoka ana mtoto lakini hana mume, hana ndugu, hana hata mtu wa kumwambia salamu njiani. Mhusika unamjua hapo, kwenye bei anayokubali kulipa. Dogo akiyaandika haya kwa mistari mitano kwa Kiingereza chake cha kawaida, hata kama kina makosa ya sarufi, mimi kama msahihishaji nimeshakaa sawa kwenye kiti.

Halafu asiishie kwa Sekai, amtazame na Makwati. Wanafunzi wengi wanamruka kwa sababu desa linasema "Makwati: mume wa Sekai, mfuata mila", basi. Lakini huyu bwana anampenda mkewe na mtoto ni damu yake, na bado hana ubavu wa kusimama mbele ya wazee. Ukimwita mbaya umekosea, ukimwita mwema umekosea vile vile. Swali zuri la kumuuliza dogo: ungekuwa Makwati, ungefanya nini usiku ule? Akisema haraka haraka "ningemtetea", mwambie arudi akasome tena.

Dhamira sasa. "Mapenzi" siyo dhamira. "Mila" siyo dhamira. Hizo ni mada, ni vichwa vya habari tu. Dhamira ni kile kitabu kinachokisema KUHUSU mila, na lazima iwe sentensi nzima ambayo mtu mwingine anaweza kuikataa mkabishana. Kama hakuna anayeweza kuikataa, bado hujasema kitu. Nani atabisha ukisema "kuna mapenzi kwenye kitabu"? Mapenzi yapo hata kwenye tangazo la sabuni. Na hiyo nafasi ya mwanamke ndo usiseme, kwenye madesa ipo kila kitabu kama chumvi.

Desa la dogo linasema "mila potofu". Ngoja nilibomoe kidogo, maana hapa ndo riwaya hii ilipo tamu. Mila ya kwao Sekai inasema mtoto yule, musope kama wanavyomwita, asiishi. Ni kweli. Lakini nani anamwokoa? Siyo mzungu, siyo mmishenari, siyo polisi. Ni Chivero, mzee wa kijiji, mtu wa mila kuliko hata hao waliotaka kuua. Na anawapokea kwa kutumia nini? Kwa mila! Mgeni aliyefika mlangoni na mtoto mgongoni hafukuzwi, hata sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa hiyo mle ndani mila mbili zimegombana, moja ya kumwogopa aliyezaliwa tofauti na moja ya kumpokea mgeni, na wanaogombana wote ni wazee wa Kiafrika waliokaa chini ya miti yao wenyewe. Dogo akiandika "riwaya inaonyesha kwamba dawa ya mila mbaya inaweza kutoka ndani ya mila zile zile", hiyo ni dhamira. Nabishana naye, ananijibu kwa Chivero, namjibu kwa Makwati, esei imeshakaa.

Tamathali nitarudi, naitwa kula.

---

nicheki_inbox_tuisheni

Natoa tuisheni Kiingereza, Kiswahili na Historia, Kariakoo na Temeke, bei maelewano, matokeo uhakika.

---

kijeba_wa_tegeta

Mwalimu shikamoo. Nimesoma hiyo ya Chivero nimekaa kimya kidogo. Kwahiyo kitabu kina maana hivo na mi nilikariri tu "outdeti kastamu"? Aisee.

---

dereva_wa_chirundu

Wakuu mi siyo mtu wa fasihi, niliishia la saba, ila nimepiga lori Dar mpaka Harare miaka kadhaa, unatoka hapa unaitafuta Tunduma, unaivuka Zambia yote, unashuka Chirundu mpakani, na Kishona cha kuombea chakula na kugombana na mafundi nilikipata. Nimeona humu mnataja majina ya hao watu nikacheka peke yangu maana kila jina lina maana yake kabisa na hamjalisema.

Takadini ni swali, maana yake "tumefanya nini?" Yani mtoto anaitwa kwa swali kila siku ya Mungu, njoo kula Tumefanya-nini, kachote maji Tumefanya-nini. Sekai ni "chekeni". Mimi ni Msukuma, kwetu kucheka ni kuseka, kwahiyo nilivyolisikia mara ya kwanza sikuhitaji mkalimani. Nhamo, yule kijana mwingine wa mle kitabuni, ni dhiki, shida. Na yule binti wa mle mle, Shingai, ni kama kuambiwa jikaze, kuwa jasiri.

Sasa siyo kama sisi hatuna, mtaani kwangu Buguruni kuna mama Shida, kuna mzee Mashaka, kuna bibi Sikudhani. Bibi Sikudhani nilimuuliza kwa nini, akasema mama yake alishakata tamaa ya kuzaa. Kwahiyo swali langu kwa mwalimu, haya majina ni hizo tamathali au ni kitu kingine?

---

mama_rasta_kizuiani

Jamani dereva umenimaliza!! "Chekeni" ndo jina la mwanamke aliyechekwa miaka yote kwa kukosa mtoto?? Nimemwambia mteja kwenye kiti kageuka ghafla nusu nimkate na kitana.

Mwalimu shikamoo, na asante sana. Nimemsomea dogo ile ya bei anayokubali kulipa, kanyamaza halafu kaenda kuchukua kitabu mwenyewe bila kuambiwa. Turudi kwenye tamathali tafadhali.

---

mwl_mstaafu_changombe

Marahaba, marahaba wote.

Dereva umeleta kitu ambacho sikuwahi kukifundisha vizuri, nakiri. Niliijua maana ya jina la kitabu maana swali la "jina la kitabu linasadifu vipi yaliyomo" ni la kila mwaka, ila Sekai na Nhamo sikuwahi kuwauliza Washona. Tazama basi, kijana mwenye mwili, sura na majigambo, ambaye kijiji kizima kinamwona ndiye mwanaume, anaitwa Dhiki. Na yule wanayemwona mkosi ndiye anaitwa kwa swali, na swali maana yake bado halijajibiwa. Hiyo ni mbinu ya mwandishi ya kutumia majina, tusiiite tashibiha wala nini, tuseme tu majina yanabeba maana. Ila dogo awe mwangalifu, asiandike "mwandishi alikusudia" maana hatukuwepo kichwani mwake. Aandike "jina linafanya kazi hii", hapo yuko salama.

Haya tamathali. Ugonjwa wa wanafunzi ni kuita majina kama wanasoma mahudhurio: tashibiha yupo, sitiari yupo, tashihisi yupo. Sawa wapo, wanafanya nini humo ndani?

Kila ukikutana na tamathali jiulize maswali mawili. Kitu gani kimefananishwa na nini? Na kwa nini hicho na siyo kingine? Nitoe mfano wa mtaani, maana kitabu mnacho mtatafuta wenyewe. Uko kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, unasema "tumebanwa kama dagaa". Tashibiha hiyo, kuna neno "kama". Kwa nini dagaa na siyo mchanga, mbona mchanga nao umebanana? Kwa sababu dagaa walikuwa hai. Walikuwa na macho, bado wanayo, yamekodoa, wamelazwa ubavu kwa ubavu, wamekauka na wanauzwa kwa kopo bila kuhesabiwa mmoja mmoja. Ukisema dagaa umeshasema abiria hawahesabiwi watu. Na konda anaposema "gari tupu hiyo, ingieni" hiyo ni kejeli, na inauma zaidi kwa sababu ya dagaa waliotangulia.

Umeona? Neno moja, nimepata mistari mitano. Dogo atafute tamathali MBILI tu kwenye kitabu, zinazomgusa yeye, aandike ukurasa, azifanyie hivyo. Mbili zilizofunguliwa zinazidi kumi zilizotajwa.

---

jua_la_tandika

Nimekuwa nasoma tu uzi huu nikiwaza nichangie au niache. Mimi nina ualbino, nimezaliwa na kukulia Dar, na kitabu hiki nilikisoma darasani kwa hiyo nina stori yake.

Kwanza dada, najua hukuwa na nia mbaya, ila mwambie dogo kwenye esei yake afute "zeruzeru" aandike mtu mwenye ualbino. Hilo neno wengi wetu tunalichukia, linatufanya kama mzimu hivi, kitu kisicho mtu. Kwa Kiingereza pia asiandike tu albino kama jina la mnyama, amweke mtu kwanza.

Stori yangu. Mimi macho yangu hayaoni mbali, ubaoni nilikuwa sioni hata nikikaa dawati la mbele, kitabu nakisoma kikiwa karibu kugusa pua. Siku mwalimu alipoanza kutusomea Takadini, ile sehemu mtoto anapozaliwa, nilikuwa nimeinama na kitabu changu puani. Darasa likawa kimya kuliko kawaida. Nikanyanyua kichwa. Darasa zima limegeuka linaniangalia. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema kitu, wananiangalia tu kama wanasubiri nifanye kitu. Mwalimu akasema "tuendelee". Nikarudisha kitabu puani nikajifanya nasoma, herufi zote zimeungana.

Ndo maana nikisikia "Takadini ni mfano wa ujasiri" nachoka kidogo. Mwalimu kasema mtafute tamathali, nawapa moja ambayo haimo kwenye kitabu. Mtaani kulikuwa na kipindi mtu kama mimi ukipita vijana wanaita "dili!" Dili maana yake biashara ya pesa. Ni sitiari, hakuna "kama" hapo. Fanyeni ile ya mwalimu, kwa nini dili na siyo tusi lingine? Kwa sababu tusi la kawaida linamtukana mtu. Hili halinioni mtu kabisa, linaona bei. Na lilikuwa linaitwa miaka ile ile watu wenzangu wanauawa na kukatwa viungo kanda ya ziwa, kwa hiyo aliyekuwa anataniana na aliyekuwa na panga walikuwa wanatumia neno moja. Nilikuwa natembea na kofia pana na mikono mirefu kwa ajili ya jua na watu wanadhani najificha. Basi nilikuwa nafanya yote mawili.

Halafu kuhusu hilo jina la kitabu. "Tumefanya nini?" Jibu lipo, na ni fupi: hamjafanya kitu. Ualbino unarithiwa kwa baba NA mama, wote wawili lazima wawe wamebeba hiyo jeni, chembe ya urithi, hata kama wao wenyewe ni weusi tii na hawajui. Wakiwa wameibeba wote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Kwahiyo Makwati alichangia sawasawa na Sekai, ila anayeondoka na mtoto mgongoni ni mmoja. Hapo kwenye "nafasi ya mwanamke" ambayo mwalimu anaisema kama chumvi, mimi naona hapa ndo chumvi imewekwa mahali pake.

Na nina ugomvi mmoja na kitabu. Takadini anakubalika kijijini kwa kiasi kikubwa kwa sababu anajua mbira, mzee kamfundisha akawa fundi. Nafurahi. Lakini je asingejua mbira? Angekuwa kijana wa kawaida tu, mvivu kidogo, hana kipaji chochote, kama binamu zangu? Mbona wao walikubalika bila kupiga ala yoyote? Mimi sina kipaji cha muziki, nina duka la vocha na vifaa vya simu Tandika. Mwaka 2008 aliteuliwa mbunge mwenye ualbino, Al-Shaymaa Kwegyir, na 2010 Salum Barwany akachaguliwa na wananchi Lindi Mjini, na nilishangilia yote mawili, lakini baada ya hapo kila mgeni nyumbani akawa ananiambia "na wewe utakuwa mbunge!" Kwani lazima?

---

dereva_wa_chirundu

Kaka nimesoma nikapaki gari pembeni. Pole sana.

---

mwl_mstaafu_changombe

Mwanangu wa Tandika, sijui nikujibu nini kwenye ile ya darasa. Mimi nimewahi kusoma kurasa hizo hizo mbele ya darasa lenye mwanafunzi kama wewe. Nilikuwa naangalia kitabu, sikuwahi kuangalia shingo za watoto zimegeukia wapi. Leo ndo nimewaza.

Kwenye ugomvi wako na kitabu, uko sahihi kuuliza na nitakutetea Chivero kidogo tu. Nadhani mzee hakumfundisha mbira ili kijiji kimkubali, mbira kwa Washona ni ala ya kuzungumza na wahenga, siyo ya kuchezea harusi tu, ni kama Wagogo na ilimba yao, wanaomkumbuka marehemu Hukwe Zawose wanajua ilimba ikilia watu wanakaaje. Kwa hiyo yule ambaye watu wanamwona hatokani na wahenga, mzee kamwekea mkononi chombo cha kuwaita wahenga. Hiyo ni ishara nzito. Lakini swali lako halijafa kwa jibu langu, kijiji bado kilisubiri aonyeshe kitu. Dogo aliandike hilo! Aseme wazi "riwaya inamkubali Takadini kwa masharti" halafu aseme anakubaliana au la. Wasahihishaji tunaletewa sifa za kitabu mwaka mzima, mwanafunzi anayebishana na kitabu kwa ushahidi tunamsoma mara mbili.

---

kijeba_wa_tegeta

Jua la Tandika samahani mkuu, hilo neno la dili nishawahi kulitumia nikiwa primari, tulikuwa tunacheka. Sikujua. Au nilijua, sijui.

---

jua_la_tandika

Poa. Pita dukani siku moja, chaja zipo.

---

mama_rasta_kizuiani

Wakuu nimerudi, nimechelewa nilikuwa na bibi harusi. Kaka wa Tandika nimekuelewa na nimefuta hilo neno mdomoni kwangu, dogo naye kalifuta kwenye daftari, kalifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Nimemsomea yote uliyoandika. Kauliza tu "kwahiyo walimwangalia wote?" nikasema ndiyo, kaka anasema wote. Kumbe darasani kwao kuna binti mwenye ualbino. Hajasema zaidi.

Kaandika aya moja, kaanza kwa Kiswahili atageuza baadaye. Naiweka kama ilivyo:

"Jina la Takadini ni swali. Watu wakishauliza tumefanya nini wanaanza kumtafuta mwenye kosa, na mwenye kosa huwa ni mama. Sekai alikuwa ameshalaumiwa kwa kutozaa, sasa akalaumiwa kwa kuzaa. Kwahiyo hakukuwa na kitu angefanya pale kijijini asilaumiwe, ndo maana aliondoka. Mwandishi anaonyesha kwamba lawama ikiwa haina mwisho ni bora kuihama kuliko kuijibu."

Mwalimu nimekaa hapa nasubiri kama matokeo ya NECTA.

---

mwl_mstaafu_changombe

"Akalaumiwa kwa kutozaa, sasa akalaumiwa kwa kuzaa." Huyu ndiye aliyepata 4?

Mambo mawili ayarekebishe. La kwanza, "mwenye kosa huwa ni mama" aiwekee tukio la kitabuni, nani alimlaumu na ilikuwa sehemu gani, bila hivyo msahihishaji atasema ni maoni ya mtaani. La pili, sentensi ya mwisho ni nzuri sana lakini inaweza kubishiwa: huko alikohamia, lawama iliisha? Kwa Chivero hakukuwa na mtu aliyewanyooshea kidole? Arudi akaangalie, kisha ama aitetee sentensi yake ama aipunguze makali. Na akigeuza kwa Kiingereza asitafute maneno makubwa, aandike fupi fupi.

Akimaliza hiyo nampa swali jingine: Makwati, baada ya mke na mtoto kuondoka, analalaje? Aya moja. Kwa yale tu ambayo kitabu kinayaonyesha, asitunge.

---

mama_rasta_kizuiani

Nimempa hilo la Makwati kabla ya kula, nikidhani atamaliza mara moja. Ni saa tatu na nusu hii, sahani yake nimeifunika, kaandika mistari minne kafuta mitatu. Kaniomba kitabu nikamwambia kiko droo ya rasta saluni, kachukua ufunguo katoka nao mbio.